Zamu ya Aliyechoka Zaidi

Butembo, tarehe 4 Machi 2024

Mwalimu Kapinga,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka tisa: mwili uliochoka unapoamka, ni nani aliyeuamsha? Kila siku hapa kituoni nakanda migongo ya akina mama wanaoshusha viazi kutoka Musienene. Wakisimama huniita kwa kazi yangu ya tiba ya viungo, “Aksanti Kiné, umeniponya,” nami huitikia, ingawa sijui kama ni mikono yangu au ni siku zenyewe, ambazo zingepita hata nisingewagusa.

Mbusa, dereva wa teksi anayekuletea barua hii, anakuletea pia masanduku mawili. Kila moja lina taa bapa, ndefu kama ubao wa kupigia pasi, yenye mwanga mwekundu. Wachezaji wawili hulala chini yake kwa pamoja, mapaja wazi, dakika kumi, kabla ya mazoezi. Watafiti wa nchi nyingine wameandika kwamba mwanga wa aina hii hupenya ngozi, hutia msuli nguvu na kuchelewesha uchovu. Wengine wamepima wasione kitu. Nimewasoma wote, na kila mmoja ananishawishi mpaka nimsome anayefuata.

Taa moja ni hai. Nyingine nimeiua kwa mikono yangu: nimetoa vyombo vyake vya ndani na kuweka vibalbu vyekundu visivyo na uwezo wowote. Moja ina kitambaa cha buluu, nyingine cheupe. Kwa macho hutazitofautisha, na sitakuambia ipi ni ipi. Wachezaji wako kumi na wawili wa raga waeleze hivyo hivyo, maana ni haki yao kujua kwamba moja imekufa. Kura nimekwisha kupiga. Majina sita ya kila taa yamo katika bahasha. Baada ya mazoezi wakimbie kati ya zile nguzo mbili hadi miguu ikatae, nawe uhesabu mizunguko. Kesho yake asubuhi kila mmoja ataje maumivu ya mapaja, kuanzia sifuri hadi kumi.

Nakuomba jambo moja tu: asibadilishe mtu taa.

Unajua kwa nini nasisitiza. Mwaka juzi niliishika taa mwenyewe, nikijua nani anaangaziwa na nani haangaziwi, na jury ya watahini wa chuo ikasema niliona nilichotaka kuona. Walikuwa na haki. Kikao cha Julai ni cha mwisho ninachoruhusiwa. Nikianguka, jina langu linafutwa chuoni, na tasnifu yangu itabaki ya kufungia maandazi.

Usinitumie habari kwa simu. Simu za timu hupita mikono mingi, na ujumbe mmoja wa sauti unatosha kuharibu kazi yote. Tuandikiane kwa karatasi.

Wako katika kazi,
Kavugho Syauswa

*

Beni, 17 Machi 2024

Mama Kiné,

Wasingya kwa masanduku. Unaona, miaka mitatu Beni, na Mluba huyu wa Kananga anaanza kushukuru kwa Kinande. Wanafunzi wangu wanacheka, mais wanaelewa.

Tumepata darasa la tano kwa ajili ya taa zako. Tunasukuma mabenchi ukutani, tunatandika mikeka, na saa tisa kamili wasichana wanaingia wawili wawili. Siku ya kwanza ilikuwa sarakasi. Gracieuse, mchezaji wangu wa pembeni, mwenye mdomo usio na mlango, alilala akaanza:

“Kocha, sasa tuko kuku ya kuchoma?”

“Lala, Gracieuse,” akasema Agar. Agar ndiye capitaine, fundi wa kushona, mtu wa maneno machache. “Kuku haisemake.”

Donc kuku alinyamaza kwa dakika mbili hivi.

Nikuambie habari ya Vagheni. Ndiye nguzo ya mstari wa mbele, umri thelathini na nne, watoto watatu, na shamba la maharage ambalo analima kabla ya kuja mazoezini. Februari miguu yake ilikuwa inakataa kwenye mzunguko wa ishirini na sita. Siku ya kwanza alitoka chini ya taa ya buluu akapiga thelathini na minne! Alipoanguka kwenye nyasi alikuwa anacheka kama mtu aliyeiba. Papo hapo taa ya buluu ikapata jina: Docteur. Nyeupe wakaiita Stagiaire. Unajua stagiaire, daktari mwanafunzi wa hospitalini: blouse safi, anakuuliza jina lako mara tatu, halafu anaenda zake.

Nimekuwekea karatasi ya hesabu. Wa Docteur wastani wao ni mizunguko ishirini na minane, wa Stagiaire ishirini na saba. Saa kumi na moja tunafunga kila kitu ili kila mtu awe kwao mapema, usalama wa jioni huku Beni unaujua.

Wasichana wanakusalimia. Wanasema siku ya mechi na timu ya Butembo utalazimika kushangilia Beni, upende usipende.

Kapinga

*

Butembo, tarehe 25 Machi 2024

Mwalimu Kapinga,

Nimeicheka barua yako peke yangu ofisini, hata mgonjwa aliyekuwa mlangoni akauliza kama arudi kesho. Kisha nikaisoma tena na kicheko kikakatika.

Majina hayo yananitia wasiwasi. Ukishaiita taa Docteur, umeshampa alalaye chini yake nusu ya dawa, na aitwaye mgonjwa wa Stagiaire umemnyang’anya hiyo nusu. Siwezi kukuambia kama wamepatia au wamekosea. Nikikuambia, uso wako utawaambia. Naomba tu uwakataze majina hayo, japo najua kumkataza Gracieuse neno ni sawa na kuukataza ukungu kushuka hapa kwetu.

Huenda nazidisha hofu. Mtu aliyewahi kuangushwa kwa kosa fulani huliona kosa hilo katika kila kona, na sina hakika tena kama huo ni uangalifu au ni kovu. Hata hivyo, niambie waziwazi: kuna mchezaji yeyote aliyeomba kuhama taa?

Kavugho

*

Beni, 14 Aprili 2024

Mama Kiné,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Kila kitu kinaenda bien. Mvua imetufukuza uwanjani mara mbili tu.

Hesabu iko kwenye karatasi. Docteur thelathini na moja, Stagiaire thelathini na moja. Maumivu ya asubuhi, tatu kwa tatu. Timu inakimbia vizuri kuliko mwaka wowote tangu nifike.

Hakuna aliyeomba kuhama.

Kapinga

*

Butembo, tarehe 22 Aprili 2024

Mwalimu Kapinga,

Nimeziweka karatasi zako zote mezani, moja kando ya nyingine. Makundi mawili yanapanda pamoja, hatua kwa hatua, kama ng’ombe wawili wa kamba moja. Miili ya watu kumi na wawili haiendi hivyo. Mmoja huugua, mwingine huamka vibaya, na wastani huyumba. Wako hauyumbi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari michache kuliko orodha ya sokoni, na haikuwa na mzaha hata mmoja. Sijawahi kupata kwako barua isiyo na mzaha.

Kwa hiyo nakuuliza, na kunipa jibu la kweli hata kama linaniumiza ndiyo heshima pekee ninayoihitaji: namba hizi ulizihesabu uwanjani, au ulizitunga mezani ili kunifurahisha? Imebaki miezi mitatu tu kabla ya kikao. Kama nitaanguka, nataka kujua mapema naangukia nini.

Kavugho Syauswa

*

Beni, 28 Aprili 2024

Kiné,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Mimi, kutunga namba? Miaka kumi na mmoja nasahihisha mitihani ya Serikali, na sijawahi kumpa mtoto hata nusu pointi isiyo yake. Kila mzunguko niliuhesabu kwa sauti, na Agar alikuwa anahesabu pamoja nami.

Namba ni za kweli. Kilicho cha uongo ni taa niliyoandika kando ya kila jina.

Hukuniuliza kama kuna aliyehama. Uliniuliza kama kuna aliyeomba kuhama, na nikajificha nyuma ya swali lako, kwa sababu kweli hakuna aliyeomba. Walihama bila kuomba. Hapo nilifanya vibaya, na nilijua.

Tarehe 27 Machi nilirudi darasani kuchukua firimbi. Nikamkuta Gracieuse chini ya Docteur, naye bahasha yako inasema Stagiaire. Macho amefumba, kimya kabisa. Gracieuse kimya: nilijua kuna jambo. Vagheni, mwenye nafasi ile, alikuwa amelala kwa Stagiaire kama mtu aliyezoea pale.

“Agar, hii ni nini?”

“Kocha, mutoto wake hakulala siku mbili. Leo Docteur ni yake.”

“Lakini tulipiga kura!”

“Kura haijue nani amechoka.”

Nikawaka. Nikasema mambo ya sayansi, ya jury, ya wewe. Wakanisikiliza kwa adabu yote, halafu Agar akanijibu polepole, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi:

“Kocha, wewe unajua likirimba ya shamba. Leo tunalima kwa huyu, kesho kwa ule. Mais ule mwenye alijifungua juzi, tunaanzaka kwake. Hakuna mutu anapiga tirage hapo. Sasa Kiné mwenyewe alisema taa moja imekufa. Tumuache mwenzetu alale ku taa ya kufa, na tunaona miguu yake inatetemeka? Ile ni timu ya wapi?”

Kiné, mimi ndiye ninayewafundisha kwamba mpira unaenda kwa aliye wazi, siyo kwa anayeupenda.

Walikuwa wanafanya hivyo tangu juma la pili. Kila siku, wanapoingia, Agar anawatazama, anauliza maswali mawili matatu, na wale sita waliochoka zaidi wanapewa Docteur. Ningekuandikia siku ile ile. Mais niliogopa ungesimamisha kazi yote, na Julai yako ikafa mikononi mwangu. Donc nilinyamaza, na kunyamaza kumekuletea shida kubwa zaidi.

Kuna kitu kimoja. Ili wasigombane, Agar aliandika zamu. Anasema bila maandishi wangesema anapendelea ndugu zake. Ni daftari lake la vipimo: mbele viuno na mabega ya wateja, nyuma ni timu. Tarehe, jina, taa, na sababu. Mbusa anakuletea. Utanisamehe au hutanisamehe, ni haki yako.

Kapinga

*

Butembo, tarehe 9 Juni 2024

Dada yangu Kapinga,

Umeniandikia mara mbili tangu Aprili na sikukujibu. Nilikuwa na hasira, na nimejifunza kutoandika nikiwa nayo, kwa kuwa hasira yangu ina sarufi nzuri mno.

Nikuungamie jambo. Kwa siku tatu nilifikiri kulificha daftari. Karatasi zako zilizoandikwa kwa mujibu wa bahasha zilikuwa safi: makundi mawili, kura halali, hakuna tofauti. Ningeandika kwamba taa haifanyi kazi, jury ingeridhika, na hakuna mtu Butembo nzima ambaye angeuliza. Ungekuwa ushindi mwepesi. Lakini mwaka juzi waliniangusha kwa kuona nisichokiona; nisingeweza kupita mwaka huu kwa kutoona ninachokiona.

Basi nilifungua daftari. “Vagheni, Docteur, ametoka shamba.” “Eliane, Docteur, amebeba maji mara nne.” “Gracieuse, Docteur, mutoto ana homa.” “Vagheni, Stagiaire, amesema leo ni muzima.” “Agar, Stagiaire.” “Agar, Stagiaire.” “Agar, Stagiaire.” Nimehesabu: capitaine wako alijipa Docteur mara moja tu katika majuma sita, na sababu yake haikuandikwa.

Nilipanga upya mizunguko yote kwa kufuata taa waliyolalia kweli. Waliokuja wamechoka zaidi, wakalala kwa Docteur, walikimbia sawasawa na waliokuja wazima wakalala kwa Stagiaire. Sawasawa, dada. Miguu iliyotoka shambani na miguu iliyotoka kwenye kivuli cha duka ilikataa kwenye mzunguko ule ule.

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Kwamba Docteur aliwainua. Wasichana wangesema hivyo pia.

Sasa kazi ya kupima imekwisha na ninaweza kukuambia. Taa ya buluu ndiyo niliyoiua. Docteur ni vibalbu vyekundu, basi. Stagiaire ndiye aliyekuwa hai muda wote.

Sijui kama wachezaji waambiwe kabla ya mechi. Najua wana haki ya kuambiwa. Ninachokiogopa ni kumwondolea Vagheni kitu ambacho miguu yake inakiegemea. Wewe ndiwe unayewaona. Amua, nami nitabeba uamuzi wako kama wangu.

Kavugho

*

Beni, 23 Juni 2024

Mama Kiné,

Niliwaambia Alhamisi, kwenye nyasi, baada ya mazoezi. Nikasema moja kwa moja: Docteur alikuwa maiti.

Gracieuse akawa wa kwanza:

“Kumbe! Stagiaire njo alikuwa anatumika, na Docteur anakula heshima. Sawa tu na ku hospitali!”

Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mwenzao Falonne akataka kujua kama wanaweza kudai kurudishiwa dakika zao. Nilikuwa namtazama Vagheni. Hakucheka mara moja. Alikuwa anasugua paja lake kwa kiganja, kama anayetafuta kitu kilichoanguka ndani.

“Na mizunguko thelathini na ine,” akasema, “ilikuwa ya nani?”

“Yako, mama,” akasema Agar.

“Yangu?”

“Ya nani mwingine? Taa haina miguu.”

Vagheni akasema neno ambalo nakuandikia kama lilivyo, kwa sababu nadhani ni la kwako kuliko langu: “Mimi Docteur simwache. Dakika kumi nalala, hakuna mutu anasema mama niletee, mama uko wapi. Ku nyumba dakika kumi kama zile zinauzwa wapi?”

Jana tulicheza na timu ya Butembo. Hukuja kwa sababu ya tasnifu, nimekusamehe. Tulishindwa, kumi na saba kwa kumi na mbili, na Vagheni alicheza dakika zote themanini. Kabla ya mechi walilala, wote. Taa ya kweli ilikuwa tupu nusu ya muda. Kwa Docteur kulikuwa na foleni.

Nenda ukawaambie jury hivyo hivyo.

Kapinga

*

Butembo, tarehe 21 Julai 2024

Dada yangu Kapinga,

Nimepita. Kwa daraja la Satisfaction, bila shangwe kubwa, na masharti ya kuandika upya sura ya mwisho. Mama yangu alipika kuku wawili kana kwamba ni grande distinction, daraja la juu, na nilipojaribu kumweleza tofauti alinisukumia paja la pili.

Nilianza utetezi kwa kosa lenyewe. Niliwaonyesha bahasha yangu, kisha daftari la Agar, na nikasema kwamba jaribio langu lilivunjika juma la pili, kwa mikono ya watu wema, na kwamba ninachowasilisha ni vipande vyake. Mjumbe mmoja alilifungua daftari upande wa mbele, akasoma kiuno cha mteja kwa sauti, na ukumbi ukacheka. Nadhani kicheko hicho kilinisaidia. Mwenzake, yule yule aliyeniangusha mwaka juzi, hakucheka. Alivua miwani akaniuliza: “Kwa neno moja, Kiné. Taa inafanya kazi?”

“Sijui, Profesa.”

“Miaka yote hii, na hujui?”

“Mwaka juzi nilijua.”

Aliandika kitu, akafunga kalamu. Hakuniuliza tena.

Kwako naweza kueleza kutojua huko kwa maneno marefu zaidi. Huenda taa hai haina nguvu yoyote, ndiyo maana wazima walioilalia hawakuwazidi waliochoka. Huenda ina nguvu, lakini ilipewa miguu ambayo haikuwa na haja nayo. Huenda imani kwa Docteur ndiyo iliyokimbia. Huenda ni mapumziko ya Vagheni, zile dakika kumi bila kuitwa, na mwanga ulikuwa pambo tu. Au huenda ni jambo ninaloona haya kuliandika katika tasnifu: kwamba mtu anapoingia mlangoni, mwenzake akamtazama usoni na kusema, “leo wewe ndiwe uliyechoka, lala,” kuna kitu kinachoingia katika paja ambacho kipimo changu hakina mstari wake. Kila siku naamini mojawapo, na kesho yake naiona hoja inayoiangusha.

Kuna njia ya kujua. Profesa ameniambia, na ana haki: nirudie kazi, masanduku yawe na kufuli, na liwepo kundi la tatu, wanne wasiolala kabisa. Waje, wasimame nje ya darasa dakika kumi, kisha wakimbie. Bila kundi hilo sitaweza kamwe kutenganisha mwanga na kupumzika. Taa ameniachia hadi Desemba.

Nilimwandikia Agar kumwomba ruhusa, kwa kuwa sasa najua ruhusa ya timu iko kwa nani. Alinijibu kwa mistari miwili, kwenye karatasi ya vipimo, akiniita yaya, dada mkubwa: “Yaya Kiné, tumekubali. Lakini bale bane ba kusimama inje, uwachague wewe mwenyewe, utuandikie majina yao.”

Niliandika majina kumi na mawili Jumatatu. Leo ni Jumapili. Kila asubuhi nachukua kalamu kuweka alama kwenye manne, na kila ninapofika kwa jina fulani nakumbuka alikotoka kabla ya mazoezi. Mtafiti bora kuliko mimi angepiga kura na kufunga macho. Orodha bado iko mezani, haina alama hata moja, na kwa hiyo bado sijui kama taa inafanya kazi.

Kavugho Syauswa